Orphans of the Storm (1921): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yote hapa chini yanahusu filamu moja bubu, Orphans of the Storm, iliyoongozwa na Mmarekani D. W. Griffith na kuchezwa na ndugu wawili, Lillian na Dorothy Gish. Swali la mwisho linafichua hadithi inavyoishia. Kama hujaitazama na hupendi kuharibiwa utamu, liruke.

Hadithi yenyewe ni ipi?

Ufaransa, miaka ya mwisho ya wafalme. Binti wa ukoo wa makabaila ameolewa kwa siri na mwanamume asiye na cheo. Ukoo unamuua mume, unampokonya mama kichanga chake, na mtoto anaachwa kwenye ngazi za kanisa la Notre-Dame, Paris, pamoja na pesa na kikaratasi chenye jina lake: Louise. Fukara mmoja aitwaye Girard naye amefika kwenye ngazi hizohizo kumwacha bintiye, Henriette, kwa kuwa nyumbani hakuna cha kumlisha. Anamwona yule mwingine, moyo unamshinda, anarudi kwa mkewe na watoto wawili badala ya kurudi mikono mitupu.

Wasichana wanakua pamoja kama dada. Tauni inapita, inawaua wazazi na kumwacha Louise kipofu. Henriette anaapa kwamba hataolewa mpaka Louise amwone mchumba kwa macho yake na kumkubali, kisha wanashika safari ya Paris kutafuta daktari. Huko kabaila mmoja, Marquis de Praille, aliyemtamani Henriette tangu njiani, anaagiza atekwe. Louise anabaki peke yake mtaani, hajui aelekee wapi, anaangukia mikononi mwa Mama Frochard, bibi kizee mwenye genge la ombaomba. Huyo anamvika matambara na kumlazimisha aimbe barabarani ili wapita njia watoe senti. Henriette naye anaokolewa na Chevalier de Vaudrey, kijana wa kikabaila mwenye utu, na kuanzia hapo ni kutafutana, huku mapinduzi yakichemka mpaka yanalipuka na kuwazoa wote.

Mbona siri ya Louise inatolewa mwanzoni kabisa? Si inaharibu filamu?

Hapana, na kwangu mimi hapo ndipo akili ya filamu hii ilipo. Sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi tunaijua njia ya kawaida: ndugu wamepoteana, miaka ishirini inapita, halafu kovu, kidani au wimbo wa utotoni unafichua kila kitu dakika kumi kabla ya mwisho. Mtazamaji anafichwa ili ashtuke. Griffith anakupa siri yote mkononi ndani ya dakika za mwanzo, kisha anakuacha uhangaike nayo. Wewe unajua. Wahusika ndio hawajui.

Kwa hiyo hutumii muda kujiuliza mama wa Louise ni nani. Unajiuliza ni nani atakayemtafuta mtoto huyu. Mama mzazi sasa ni mke wa bwana mkubwa, Count de Linières, mwenye amri juu ya polisi wa Paris. Ana kasri, ana watumishi, ana kila nyenzo ya kumsaka mwanawe, lakini miaka yote amefunga mdomo kwa hofu ya aibu. Anayezunguka mitaani akilia na kuuliza kila mtu ni Henriette, ambaye hana hata tone moja la damu ya Louise. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Filamu inakwenda mbali zaidi: hata mlezi amekwisha kufa, na aliyebaki na mzigo wa kulea ni mtoto mwenzake.

Ukitazama kwa jicho hilo, utaona kwamba ukabaila wa Louise haumsaidii kitu kwa sehemu kubwa ya filamu. Damu ya kifahari haimpi shali wakati wa baridi.

Ni kweli watoto walikuwa wakiachwa makanisani Paris?

Kweli tupu, na kwa wingi wa kutisha. Karibu na Notre-Dame palikuwa na taasisi ya kupokea watoto wa kuokotwa, Hôpital des Enfants-Trouvés, na katika miaka ya 1770 ilikuwa ikipokea maelfu ya watoto kila mwaka. Wengi walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, maana maziwa ya mnyonyeshaji yalikuwa adimu na safari ya kuwapeleka vijijini kwa walezi ilikuwa ndefu. Waliowaacha hawakuwa makahaba peke yao kama ilivyodhaniwa. Walikuwemo wake za vibarua walioshindwa na bei ya mkate. Kwa hiyo Girard, anayekwenda kumwacha mtoto wa ndoa kwa sababu ya njaa, ni mtu wa kweli kabisa wa zama zile.

Mfano maarufu kuliko yote ni wa Jean le Rond d'Alembert. Mwezi Novemba 1717 kichanga kiliokotwa kwenye ngazi za Saint-Jean-le-Rond, kanisa dogo lililokuwa limeegemea Notre-Dame, na kikapewa jina la kanisa hilo. Mama yake alikuwa Madame de Tencin, mwanamke wa tabaka la juu aliyekuja kusifika kwa baraza lake la wasomi. Baba, ofisa wa mizinga aitwaye Destouches, alimtafuta mtoto, akamweka kwa mke wa fundi vioo na kumlipia masomo. Yule mtoto akawa mwanahisabati mkubwa na mhariri mwenza wa Encyclopédie, ile kamusi elezo kubwa ya Kifaransa, pamoja na mwanafalsafa Diderot. Mama mzazi hakumkubali hadharani hata alipokwisha kuwa maarufu. Naye d'Alembert akaendelea kuishi katika nyumba ya mke wa fundi vioo mpaka alipokaribia miaka hamsini. Mwandishi wa melodrama, yaani hadithi za kuliza watu, angeandika hivyo, angeambiwa amezidisha chumvi.

Wa upande wa pili ni Jean-Jacques Rousseau, aliyeuandikia ulimwengu namna bora ya kulea mtoto. Watoto wake watano, kwa kukiri kwake mwenyewe, aliwapeleka wote Enfants-Trouvés.

Lillian na Dorothy ni ndugu kweli?

Ndiyo, baba mmoja mama mmoja. Lillian (Henriette) alizaliwa mwaka 1893, Dorothy (Louise) mwaka 1898. Baba yao aliitelekeza familia, mama akaingia kwenye uigizaji ili wapate kula, na mabinti wakapandishwa jukwaani wangali wadogo. Mwaka 1912 rafiki yao Mary Pickford aliwakutanisha na Griffith. Inasimuliwa kwamba siku za mwanzo aliwafunga utepe wa rangi tofauti kichwani ili asiwachanganye.

Lillian ndiye aliyempendekezea Griffith hadithi hii, kwa sababu alitaka kazi yenye nafasi nzuri kwa mdogo wake pia. Dorothy alijulikana zaidi kwa vichekesho, na hapa anashangaza. Haigizi upofu kwa kunyoosha mikono mbele kila mara kama wengi wafanyavyo. Anatega uso, kama mtu anayesikiliza kwa shavu. Hii ilikuwa filamu ya mwisho ya wote wawili wakiwa na Griffith.

Wengine wa kuangalia: Lucille La Verne, anayecheza Mama Frochard, ndiye baadaye aliyetoa sauti ya malkia mwovu na mchawi katika katuni ya Disney ya Snow White, 1937. Ukishajua hilo, utamsikia hata kwenye filamu isiyo na sauti. Joseph Schildkraut, Chevalier mwenye sura ya kupendeza kupita kiasi, alikuja kupata Oscar kwa kumwigiza Kapteni Dreyfus katika filamu ya mwaka 1937.

Kwa nini watu wanalisifia sana lile tukio la dirishani?

Kwa sababu ni tukio la kusikia, ndani ya filamu ambayo huwezi kusikia neno.

Henriette amepanga chumba cha juu. Anatembelewa na mke wa de Linières, aliyekuja kwa shughuli za mapenzi ya mpwa wake, Chevalier. Katika mazungumzo Henriette anamtaja dada yake kipofu, na jinsi alivyookotwa kwenye ngazi za Notre-Dame. Uso wa mama unabadilika, naye anakaribia kuzimia. Wakati huohuo, chini barabarani, Louise anapita akiimba huku Mama Frochard akimsukuma kwa nyuma.

Mtazame Lillian hapo. Mwanzoni sauti inampita, bado anaongea na mgeni. Kisha anasita, lakini hasimami wala hageuki. Macho yanahama kwanza, mwili unabaki pale ulipo, kama mtu anayeogopa kwamba akitikisika sauti itakatika. Griffith anaruka kutoka uso huo kwenda barabarani, mdomo wa Louise wazi, kichwa juu, halafu anarudi chumbani, halafu barabarani tena. Anakucheleweshea kwa makusudi. Unataka kumpigia kelele dada wa watu: nenda dirishani!

Anakwenda hatimaye. Anaita. Louise anasikia jina lake, anazungusha kichwa kutafuta upande sauti inapotoka, na haoni kitu. Wa juu anaona asiweze kushuka, wa chini anasikia asiweze kupanda. Kabla Henriette hajafika mlangoni, askari wameingia kumkamata kwa amri ya de Linières, na Mama Frochard ameshamburuta Louise na kutokomea naye. Mama mzazi yupo palepale chumbani na cheo chake chote, na hafui dafu.

Picha za karibu za Lillian zina ulaini fulani, kana kwamba mwanga umechujwa kwa kitambaa. Hiyo ni kazi ya Hendrik Sartov, mpiga picha aliyekuwa bingwa wa lenzi laini. Wengine wanaona ni urembo uliopitiliza. Katika tukio hili, mimi nadhani unafaa.

Griffith alitunga mwenyewe?

La. Chimbuko ni tamthilia ya Kifaransa, Les Deux Orphelines, ya Adolphe d'Ennery na Eugène Cormon, iliyopanda jukwaani Paris mwezi Januari 1874. Kabla mwaka huohuo haujaisha ilishafika New York, na mwigizaji Kate Claxton akajenga jina lake zima juu ya nafasi ya Louise.

Tamthilia hiyo ina msiba wake. Usiku wa tarehe 5 Desemba 1876 ilikuwa ikichezwa katika jumba la Brooklyn Theatre. Pazia la kitendo cha mwisho lilikuwa limeshafunguliwa na Claxton amelala kwenye kitanda cha majani kama Louise, moto ukashika mapambo ya juu ya jukwaa. Yeye na wenzake walijaribu kuwatuliza watu wasikanyagane. Walikufa watu wasiopungua 278, wengi wao kutoka roshani ya juu, kwenye tiketi za bei ya chini, ambako njia ya kutokea ilikuwa ngazi moja.

Tamthilia ya asili haina mapinduzi. Griffith ndiye aliyeisogeza hadithi mbele kidogo ili iangukie Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 na miaka ya gilotini, mashine ya kukatia watu vichwa, akiongeza viongozi wa mapinduzi Danton na Robespierre, na umati wa watu mitaani. Mitaa hiyo ya Paris aliijenga Mamaroneck, jimbo la New York, kwenye studio yake kando ya bahari.

Historia ya mapinduzi iliyomo ni sahihi?

Mavazi na hasira za watu, sawa. Mengine yachukue kwa tahadhari. Miaka minne au mitano imebanwa ionekane kama miezi michache. Danton ametiwa nuru ya mtakatifu, ilhali Danton wa kweli alishiriki kuianzisha Mahakama ya Mapinduzi mwezi Machi 1793, mahakama ileile iliyompeleka kwenye gilotini Aprili 1794. Robespierre amefanywa mtu wa vinyongo vidogovidogo, naye alimfuata Danton miezi isiyozidi minne baadaye.

Maandishi ya mwanzo wa filamu yanawaonya Wamarekani wasije wakaacha serikali yao nzuri na kukumbatia Ubolsheviki, yaani ukomunisti wa Urusi. Marekani ya wakati ule ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye wimbi la kuwakamata na kuwafukuza watu wa mrengo wa kushoto. Onyo hilo limepachikwa tu, halikai vizuri na filamu yenyewe. Filamu hiyohiyo inatuonyesha sherehe ya makabaila wakioga anasa huku nje watu wanagombea mkate, na ikishakuonyesha hayo ni vigumu kukushawishi kwamba tatizo ni wale waliochukua silaha.

Griffith si ndiye aliyetengeneza ile filamu ya kuitukuza Ku Klux Klan?

Ndiye huyo. The Birth of a Nation, mwaka 1915, iliwaonyesha Wamarekani weusi kama wanyama wa porini na Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kama mashujaa. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, iliipinga tangu siku za mwanzo, na Klan iliyofufuliwa mwaka huohuo iliitumia kuandikisha wanachama. Aibu hiyo haifutwi na uzuri wa filamu nyingine.

Msomaji Mwafrika ana haki ya kusema hamtaki mtu huyu hata kidogo. Mimi naitazama Orphans of the Storm nikikumbuka jambo moja: mbinu ya waokoaji wanaopanda farasi mbio huku kamera ikiruka kwa anayesubiri kufa ni ileile aliyowapa Klan mwaka 1915. Ufundi hauna dini.

Je, walemavu wanatendewa haki?

Nusu nusu. Louise ni msafi kupita kawaida, kana kwamba upofu umemfanya malaika. Pierre, mtoto wa Mama Frochard mwenye ulemavu wa mguu, anayenoa visu kwa riziki, ana utu zaidi: anaona haya, anapenda bila matumaini, anamwogopa kaka yake. Ukimwondoa yeye, nyumba ya Frochard ingekuwa katuni.

Saa mbili na nusu bila sauti, si nitasinzia?

Inategemea unavyoitazama. Filamu bubu hazikuwahi kutazamwa kimya. Hii ilipofunguliwa Boston tarehe 28 Desemba 1921 ilikuwa na muziki wake maalumu wa Louis F. Gottschalk na William Frederick Peters, ukipigwa na wanamuziki waliokaa ukumbini. Ukizima sauti ya kompyuta kwa kudhani hakuna cha kusikia, umeitoa nusu ya uhai wake.

Japani walikuwa na msimulizi, benshi, aliyesimama kando ya pazia akiwasemea wahusika. Anayefahamu vibanda vya video vya Afrika Mashariki na wasimulizi wake, Lufufu wa Tanzania au DJ Afro wa Kenya, hahitaji kuelezwa zaidi. Ukiwa na watoto au wazee wasiosoma Kiingereza, teua mtu mmoja awe anasoma vibao vya maandishi kwa Kiswahili na kuongeza maneno yake. Mama Frochard akipata msimulizi mwenye kipaji, nyumba nzima itamtukana.

Usipoweza kukaa mpaka mwisho kwa mkao mmoja, katiza Henriette anapopelekwa gerezani La Salpêtrière. Pana pumzi ya kutosha hapo.

Naipata wapi, na toleo lipi?

Hakimiliki yake Marekani imekwisha, kwa hiyo ipo bure na kihalali kwenye mtandao. Angalia urefu kabla ya kubonyeza: lenye dakika kama 150 ndilo karibu na filamu kamili. Matoleo mafupi yamekatwakatwa, na mara nyingi kilichokatwa ni nyuso, yaani kitu chenyewe ulichofuata. Epuka pia nakala zinazokimbia, ambamo watu wanatembea kama vifaranga. Hilo ni kosa la mwendo wa kuchezeshea, si namna watu wa 1921 walivyoigiza.

Kuna matoleo mengine ya hadithi hii?

Mengi. Theda Bara alicheza katika la mwaka 1915, ambalo limepotea. Maurice Tourneur aliitengeneza kwa sauti Ufaransa mwaka 1933, na Waitalia wameirudia zaidi ya mara moja. Wamisri nao waliihamishia kwao mwishoni mwa miaka ya 1940, chini ya Hassan al-Imam, na Faten Hamama kijana kabisa akiwa mmoja wa mayatima. Hilo la Misri limenoga kwa nyimbo na machozi, na anayependa sinema za Kiarabu za zamani asiliache.

Mwisho unakuwaje?

Henriette na Chevalier wanahukumiwa kifo, Henriette kwa kumficha kabaila. Danton anapigania msamaha kwa hotuba, anaupata, kisha anapanda farasi mbio kuuwahisha huku Henriette akiwa tayari amefikishwa kwenye gilotini. Anawahi. Louise anarudi kwa mama yake na daktari anampa macho.

Wengi hulalamika kwamba ni rahisi mno, na sehemu ya macho kwa kweli imetoka mfukoni mwa mwandishi. Lakini kuna deni lililokuwa halijalipwa: kile kiapo cha Henriette kwamba hataolewa mpaka Louise amwone mchumba. Louise asingepona, Chevalier asingeoa. Ruhusa ya ndoa haitoki kwa mama mzazi mwenye kasri wala kwa bwana de Linières. Inatoka kwa mtoto wa kuokotwa, ambaye safari hii anamtazama bwana harusi juu mpaka chini.